Daftari la Wananchi la Yatokeayo Baada ya Chanjo

Maneno ya mhadhara uliotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Arusha



Mkulima wa kahawa wa Poli au wa Nkoaranga haondoki mizanini bila stakabadhi. Kilo zimeandikwa, namba ya mwanachama imeandikwa, tarehe imeandikwa, na nakala imebaki kitabuni. Malipo yakija pungufu, haulizwi mtu anakumbuka nini, hufunguliwa kitabu. Lakini mkewe mkulima huyo huyo anaporudi kutoka zahanati na mtoto aliyechanjwa, na usiku ule mtoto akashikwa na homa kali au degedege, jambo hilo mara nyingi haliandikwi popote. Asubuhi jirani amekwisha kulisikia. Siku ya soko linasemwa Tengeru, limeongezwa kidogo. Likifika Ngaramtoni mtoto mmoja amekuwa watatu, na anayesimulia hamjui hata mmoja wao.

Katika hali hiyo hasara ni mbili, na hazifanani. Pengine mtoto yule aliumizwa kweli, na kwa kuwa hapakuwa na maandishi hakuna aliyechunguza, wala hakuna atakayemzuia mwingine asiumizwe hivyo. Au pengine ilikuwa malaria iliyokuwa mwilini tangu juzi, na kwa uvumi huo akina mama ishirini wasipeleke watoto wao kuchanjwa surua. Surua haibembelezwi na uvumi. Hoja iliyoletwa mbele ya mkutano huu ni kwamba vyama vya ushirika, ambavyo kazi yake tangu mwanzo ni kuandika na kuhesabu, vinaweza kuweka daftari la hiari la wananchi, au kwa neno la siku hizi kanzidata, la mambo yanayompata mtu baada ya kuchanjwa. Na kwamba daftari hilo likiandaliwa ovyo litaleta madhara kuliko kutokuwapo kabisa.

Yafaa kwanza ijulikane kwamba njia ya serikali ipo. Baada ya maafa ya dawa ya thalidomide, ambayo mwaka 1961 ilitambuliwa kuwa imezaa watoto wenye viungo pungufu, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa nchi mbalimbali wa kufuatilia usalama wa dawa. Tangu 1978 taarifa zake zinatunzwa Uppsala, nchini Sweden. Tanzania iliingia katika mpango huo mwaka 1993. Leo kazi hiyo kwetu iko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019, yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha. Mtumishi wa afya ana fomu yake ya kutoa taarifa, na mwananchi wa kawaida naye anaruhusiwa kutoa taarifa yake mwenyewe. Ni wangapi kati ya wanachama waliopata kusikia hayo? Katibu na aulize swali hilo katika mkutano mkuu ujao wa chama chake, kisha ahesabu mikono.

Upungufu wa taarifa si ugonjwa wa Tanzania peke yake. Kila nchi yenye mfumo wa hiari hupata sehemu ndogo tu ya yanayotokea. Muuguzi ana foleni, fomu imekwisha, mama anaogopa kuonekana anamshitaki aliyemchanja mwanawe, ambaye huenda ni binti wa jirani na wanaimba kwaya moja. Hapo ndipo mtu wa tatu, asiye mganga wala mlalamikaji, anapokuwa na faida.

Mfano wa kwanza wa faida hiyo watoka mbali. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu chanjo ya kuhara ya watoto wachanga iliyoitwa RotaShield. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuweka, tangu 1990, kitabu cha taifa cha taarifa za baada ya chanjo, ambamo mzazi yeyote anaweza kuandika. Kufikia Julai 1999 kitabu hicho kilikuwa na taarifa 15 za watoto ambao utumbo wao ulijiingiza ndani ya wenyewe, jambo la hatari linaloweza kuua. Kumi na tano tu, kwa mamia ya maelfu ya watoto! Hata hivyo chanjo ilisimamishwa, uchunguzi ukafanywa, ikaonekana kwamba hatari ni ya kweli, kwa makadirio mtoto mmoja katika kila 10,000 hivi, na mwezi Oktoba chanjo ikaondolewa sokoni. Taarifa zile 15 hazikuthibitisha kitu. Zilionyesha tu mahali pa kutazama, na hiyo ndiyo kazi yote ya daftari la namna hii.

Hadithi hiyo ina nusu ya pili ambayo aghalabu haisimuliwi, nayo yatuhusu. Chanjo nyingine ya ugonjwa ule ule ilipoletwa Afrika, Tanzania ikiianza mwaka 2013, wataalamu hawakusema kwamba yaliyopita si ndwele. Walifungua daftari la makusudi katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwamo, wakaandika kila mtoto aliyeletwa hospitali na utumbo wa namna ile na siku aliyochanjwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: hatari haikuonekana kuongezeka. Daftari lile lile linalokamata kosa ndilo linaloweza kumwondolea mama wasiwasi. Asiyeandika hana la kumwambia, isipokuwa kumwomba aamini.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, na ni mchungu. Mwaka 2017, katika eneo la Kapoeta Mashariki nchini Sudan Kusini, nchi mwanachama wa Jumuiya ambayo makao yake makuu yako mjini hapa, watoto 15 wenye umri chini ya miaka mitano walikufa baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Wengine 32 waliugua wakapona. Uchunguzi uliona nini? Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Bomba moja la sindano lilitumika kwa siku zote nne za kampeni. Dawa ilikaa bila baridi. Na miongoni mwa waliochanja walikuwamo watoto wa umri wa miaka 12. Kama wazee wa kijiji wangeandika siku ya kwanza kwamba mtoto wa fulani amevimba na anatapika, na siku ya pili wa fulani naye, na mtu akapanda baiskeli kupeleka karatasi hiyo wilayani, huenda siku ya tatu na ya nne zisingekuwapo.

Wataalamu huyagawa yatokeayo baada ya chanjo kwa sababu zake. Kuna yaliyotokana na chanjo yenyewe ilivyo; yaliyotokana na kasoro ya kiwandani; yaliyotokana na makosa ya kuitunza au kuichoma, kama ya Kapoeta; yaliyotokana na hofu ya sindano, kama wanafunzi wa kike wanaozirai mstarini mmoja baada ya mwingine; na yale yaliyosadifu tu. Sababu ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Tuseme katika tarafa fulani watoto 365 hupatwa na degedege kwa mwaka, yaani kwa wastani mmoja kila siku. Watoto wote wa tarafa wakichanjwa siku moja, mmoja atapatwa na degedege siku hiyo hata kama bomba lilikuwa na maji matupu. Baba yake hataambilika, na ni haki yake kutoambilika siku hiyo. Ila daftari lisiwe kama yeye.

Hapa makatibu wana ujuzi ambao madaktari wengine hawana, kwa kuwa wamezoea mizani. Chama kimoja kikirudishiwa magunia 20 ya kahawa mbovu na kingine magunia 5, kipi kina kahawa mbaya? Asiye karani atasema cha kwanza. Karani atauliza kwanza kila kimoja kilipeleka magunia mangapi. Kama cha kwanza kilipeleka 4,000 na cha pili 50, jibu limegeuka. Huko ng'ambo, tangu mwaka 2021, walitokea watu wengi waliochukua hesabu za taarifa za chanjo ya korona, wakazitangaza kana kwamba kila taarifa ni mtu aliyeuawa na chanjo, bila kusema waliochanjwa walikuwa wangapi wala wangapi wangekufa hata hivyo. Walikuwa wakihesabu magunia yaliyorudishwa tu. Daftari la wananchi wa Meru likifuata njia hiyo litakuwa soko la Tengeru lililotiwa jalada.

Kwa bahati mkoa huu una msingi ambao mikoa mingine iliupata baadaye. Katikati ya miaka ya 2010, mfumo wa kompyuta wa kuandikisha kila mtoto na kila chanjo yake ulianziwa katika Mkoa wa Arusha kabla ya kupelekwa Tanga, Kilimanjaro na kwingineko. Maana yake ni kwamba idadi ya waliochanjwa, ambayo daftari la wananchi halina uwezo wa kuipata kwa kupita nyumba kwa nyumba, inaweza kuombwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ombi hilo na liandikwe mapema, kwa adabu, na liwe kwa idadi tu, si kwa majina.

Wafugaji wa Kisongo na Monduli nao wana la kufundisha, ingawa hawajalipa jina la kitaalamu. Chanjo ya ndigana kali, ambayo asili yake ni utafiti wa Muguga, Kenya, ni chanjo ya namna ya peke yake: ng'ombe huambukizwa ugonjwa wenyewe kwa kipimo, na papo hapo huchomwa dawa inayodumu ya kuuzuia usimlemee. Aliyechanjwa hutobolewa sikio na kutiwa herini. Mfugaji anajua kwamba ng'ombe wachache huweza kuugua kwa chanjo yenyewe, kwa hiyo hamsahau mnyama wake pindi mchanjaji anapoondoka. Humtazama matezi, humtazama anavyokula, humwita mtaalamu mapema. Hajawahi kusikika mfugaji akisema kwamba kumtazama ng'ombe baada ya chanjo ni kuipinga chanjo. Analipa fedha yake ili ng'ombe achanjwe, kisha anakesha naye. Ni ajabu kidogo kwamba ng'ombe wa Monduli ana herini na mwangalizi, na binti wa miaka 14 aliyechanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi hakuwa na mtu wa kumwuliza kesho yake.

Chanjo hiyo ya mabinti ilienezwa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 14. Hakuna chanjo iliyosemwa zaidi vijijini: kwamba inafunga uzazi, kwamba ni mpango wa wageni. Kenya walipata tabu ya namna hiyo mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Kila upande ukawa na vipimo vyake na msemaji wake. Katika mabishano hayo yote hapakuwa na kitabu kilichoshikwa na wanawake wenyewe ambacho pande zote mbili zingeweza kukifungua. Na kwetu, mwaka 2020, hesabu ya wagonjwa wa korona ilisimama kutangazwa ikiwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mmoja wananchi waliishi kwa tetesi. Kisha Julai 2021 zikaletwa dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson, Rais akachanjwa hadharani tarehe 28. Chanjo hiyo hiyo ilikuwa imesimamishwa kwa siku kumi mwezi Aprili huko Marekani kwa ajili ya watu 6, kati ya karibu milioni 7 waliochanjwa, walioganda damu kwa namna isiyo ya kawaida. Mwanachama aliyeuliza habari hiyo hapa nyumbani aliitwa mpotoshaji na jirani mmoja, na shujaa na jirani mwingine. Alichotaka ni jibu.

Lipo pia jambo la haki. Kwa dozi zilizokuja kwa mpango wa COVAX, mwaka 2021 uliwekwa utaratibu wa fidia kwa nchi 92, Tanzania ikiwamo, kwa mtu aliyepata ulemavu mkubwa kutokana na chanjo, bila kulazimika kwenda mahakamani. Lakini mdai hutakiwa kuwa na maandishi: alichanjwa lini, wapi, chanjo gani, nini kilitokea, na daktari amesema nini. Mtu wa Leguruki asiye na karatasi hana dai, hata kama amepooza kweli.

Sasa, daftari lenyewe liweje? Kurasa zake ziwe na tarehe na saa ya chanjo, jina la chanjo, kituo, namba ya toleo kama ilivyo kwenye kadi, umri na jinsia, kilichotokea kwa maneno ya mwenyewe, kilianza lini, kiliisha lini, na kama mgonjwa alipelekwa kituoni. Na liandikwe pia jambo moja ambalo wengi watalisahau: aliyechanjwa na hakupatwa na kitu. Katibu akiwaita wenye kadi wote wa kitongoji kimoja wiki mbili baada ya kampeni, akawauliza wote maswali yale yale, atakuwa na hesabu yenye maana kuliko taarifa mia za waliokuja wenyewe kulalamika. Kwa maneno ya mwenyewe ina maana ya lugha ya mwenyewe. Bibi wa Kiarusha akieleza kwa Kimaasai, na iandikwe kwanza alivyosema, kisha ifasiriwe. Kila taarifa nzito, yaani ya kifo, ya kulazwa, ya kupooza au ya degedege, iende kituo cha afya siku ile ile, na nakala TMDA. Daftari la wananchi si mbadala wa fomu ya serikali. Ni mkono unaoisukuma ifike.

Kuna kikwazo ambacho vyama havipendi kukitaja. Orodha za wanachama wa kahawa zina majina ya wanaume wengi, kwa kuwa shamba huandikwa kwa jina la baba. Anayekwenda kliniki ni mama. Daftari likiandikwa na karani mwanamume, ofisini, kwa mwenye namba ya uanachama, litajaa habari za watu ambao hawakuwapo. Waandikaji, au wengi wao, hawana budi kuwa wanawake, na wafuate watu kisimani na kanisani.

Kuhusu sheria, mambo hayako kama zamani. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya iwe kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka 2019 yalilegezwa, na kukusanya na kutangaza takwimu kwa kufuata taratibu kukaruhusiwa. Hata hivyo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 bado inaadhibu kutangaza habari za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kuficha jina peke yake hakutoshi. Kijijini, ukiandika "msichana wa miaka 13, mwenye kifafa, wa shule ya msingi ya hapa", umekwisha kumtaja. Kwa hiyo kitakachosomwa hadharani kiwe jumla za kata, tena baada ya kukaguliwa na mganga, na kisitoke kitu chochote chenye idadi ya watu chini ya watano.

Na uhuru wa daftari? Kanuni ya nne ya ushirika duniani, kati ya saba zilizothibitishwa Manchester mwaka 1995, ni ya kujitawala na kutotegemea. Fedha ya muuza dawa isiingie. Fedha ya mhubiri anayepinga chanjo nayo isiingie. Yeye naye ana bidhaa. Karatasi, kalamu na nauli ya mwandikaji haziwezi kuishinda ada ya vyama vitatu vikishirikiana. Nakala ziwe tatu, zikae sehemu tatu. Ushirika wa nchi hii unajua kwa nini: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya 1982, na wazee wanakumbuka ni vitabu vingapi vilipotea katikati. Wameru wana ukumbusho mwingine pia. Mwaka 1951, walipohamishwa kwa nguvu Ngare Nanyuki watu wapatao 3,000, walichanga senti zao, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Hakwenda na uvumi. Alikwenda na shauri lililoandikwa, na miaka kumi na mitano baadaye yeye na wakili Earle Seaton walilichapa kuwa kitabu.

Linalosubiri uamuzi wa mkutano huu ni dogo. Vyama vitatu, kimoja cha mlimani penye kahawa, kimoja cha tambarare penye mifugo, na kimoja cha akiba na mikopo cha mjini, vijaribu kwa mwaka mmoja, kwa kuanzia na chanjo za kliniki za watoto peke yake. Kabla ya ukurasa wa kwanza kuandikwa, bodi za vyama hivyo zikutane na mganga wa wilaya na afisa wa TMDA wa Kanda, ili ijulikane taarifa nzito itapokelewa na nani usiku wa Jumapili. Waandikaji wafundishwe siku mbili. Ukaguzi wa nusu mwaka ufanywe na mtu ambaye si mwanachama wa chama chochote kati ya hivyo vitatu. Swali lililobaki bila jibu ni la ufunguo wa kabati: kama uwe kwa katibu, kwa mjumbe mwanamke wa bodi, au kwa wote wawili kwa kufuli mbili. Vyama vilivyoulizwa kabla ya mkutano vimegawanyika, na hoja za pande zote zimeambatishwa kwa makatibu kuzisoma kabla ya kikao cha alasiri.